Koti Lisilochakacha

Ijumaa, 2 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili, basi anauma kila kinachomkaribia. Usinicheke kwa kuandika barua kama watu wa zamani. Huku juu simu ni ya kutazamia saa tu. Mtandao uliishia pale darajani, na sisi tuko mwendo wa saa tatu kutoka hapo. Dereva wa lori la mbao amekubali kuwa posta yetu. Anashuka Jumamosi, anapanda Jumanne. Ukimpa barua mpe na soda, hapo haipotei.

Nina shida ya nguo. Unajua kwamba tangu tuhamie kwa baba mkwe nimekuwa mwenzake wa kuwinda nguruwe mwitu, maana wanamaliza mashamba ya watu. Yeye ana bunduki na kibali, mimi nina miguu. Yeye hukaa juu, kwenye upenyo kati ya majabali mawili. Mimi nazunguka bonde, nashuka mpaka chini ya mahali nguruwe walipolala, kisha napanda taratibu, upepo ukinisukuma mgongoni. Sipigi kelele. Harufu yangu peke yake inawatosha, wananyanyuka mmoja mmoja na kumpandia mzee. Ukipiga kelele wanatawanyika kama wageni walioambiwa chakula kimekwisha.

Sasa ni wakati wa mvua, na mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa. Koti langu ni lile la plastiki la njano nililonunua kwenye mafungu ya sokoni. Maji haliingizi, hilo nalipa haki yake, lakini linachakacha kila nikipumua. Nguruwe wananisikia kabla sijamaliza kuzunguka. Nikilivua, nalowa mpaka kwenye mifupa na nakohoa wiki nzima. Na miiba ya huku imeshalichana mikono yote miwili.

Naomba unishonee koti lisiloingiza maji, lisilopiga kelele, linalostahimili miiba na mawe makali, na ambalo halitanifilisi. Najua nimeagiza ng'ombe anayetaga. Lakini wewe ndiye fundi.

Jambo moja zaidi. Shonea kitambaa chekundu, kipana kama sahani, kifuani na mgongoni. Nguruwe hawaijui nyekundu, kwao ni kama majani tu. Nataka baba mkwe aione. Usiniulize sana.

Kata kwa kipimo kile kile cha suti yangu ya harusi.

Mdogo wako,
Kibonge

*

Jumatatu, 5 Aprili

Kibonge wangu,

Marahaba. Barua imefika, na dereva amekunywa soda mbili, moja ya hii na moja ya safari ijayo.

Umeniuliza jambo ninalolipenda, kwa hiyo vumilia. Nailoni ni nyepesi, bei yake inabebeka, na inakunjika mpaka ikaingia mfukoni. Lakini ina mdomo. Nilisugua kipande karibu na sikio, ni kama mtu anakunja gazeti. Plastiki umeshaijua, na ubaya wake mwingine ni kwamba jasho halina pa kutokea, unalowa kwa ndani huku unajisifu umekauka kwa nje. Sufu haina sauti hata kidogo, ila ikishakunywa maji utakuwa umembeba mtu mwingine mgongoni. Kuna makoti ya dukani yenye tabaka tatu, laini nje na maji hayapiti. Niliyashika, nikasoma bei, nikayarudisha kwa adabu.

Hivi ndivyo nitakavyofanya. Nje nitaweka pamba nzito iliyosuguliwa mpaka ikawa na vinyweleo, kama shuka la mtoto. Nitaipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, isije ikakauka na kuwa ngumu kama ubao. Katikati nitaweka kitambaa cha miavuli. Jirani yangu fundi miavuli huwa ananipa mabaki bure. Hicho peke yake kina kelele, lakini kikibanwa kati ya pamba mbili kinanyamaza. Zipu siweki, inalia. Ile mikanda ya kunata ndiyo kabisa, ukiibandua ni kama mtu anachana shuka. Nitatumia vifungo vya mti na nitavivika kitambaa. Kofia ya kushonea kwenye koti usinidai, itakuziba masikio. Vaa kofia ya kawaida yenye ukingo. Mabegani na viwikoni nitaongeza ngozi laini kwa ajili ya miiba.

Sasa tuje kwako. Nimekubeba mgongoni kabla hujajua kutambaa, kwa hiyo ukisema "usiniulize sana" ndipo ninapovuta kiti nikae. Nyekundu ya nini? Mtu gani anakaa juu ya majabali na bunduki halafu anahitaji sahani nyekundu ili akuone? Na kipimo cha harusi ni cha miaka minne iliyopita. Mpe mke wako utepe akupime upya. Koti la porini halikatwi kwa kubahatisha.

Dada yako,
Fundi

*

Ijumaa, 9 Aprili

Shikamoo dada,

Kipimo ni kile kile. Utepe tulikuwa nao, mtoto ameutafuna kuanzia sentimita ya kwanza mpaka ya arobaini. Kata tu, mimi ni Kibonge yule yule.

Kuhusu nyekundu nitakwambia, lakini barua hii ukishaisoma iweke mahali shemeji hatafika, maana yeye hana kifua cha siri.

Mwezi uliopita risasi ilipiga jabali, kama shubiri tatu kutoka kichwani kwangu. Vipande vya jiwe viliniingia shavuni. Mke wangu nilimwambia ni miiba. Siku hiyo nilikuwa nimelivua lile koti la plastiki na kuliacha chini ya mti ili niwazunguke nguruwe kimya kimya, nikabaki na shati la kahawia. Baba mkwe alisema alilenga dume lililokatiza mbele yangu. Mimi sikuliona dume lolote, dada. Nyayo zake pia nilizitafuta, sikuziona.

Nadhani macho yake yamepungua kidogo. Ni umri. Na rangi ya shati langu ilikuwa ya nguruwe mwenyewe, kosa ni langu. Utasema nimwambie. Nitamwambiaje? Nakaa kwenye nyumba yake, ninalala na binti yake chini ya paa lake. Mkwe anaambiwa "shikamoo" na "ndiyo, mzee". Haambiwi "huoni". Na ofisi ya wanyamapori ikisikia, watachukua kibali na bunduki, na nguruwe watatuachia mabua matupu. Kibali chenyewe kinaisha tarehe 30 mwezi huu. Tukimaliza lile kundi la bonde la chini kabla ya hapo, nitapata sababu ya kumwambia apumzike, kwa heshima yake.

Ndiyo maana nataka nyekundu. Hata mtu wa macho mabovu nyekundu anaiona.

Naogopa kidogo tu, usikonde.

Kibonge wako

*

Jumatatu, 19 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki iliyopita lori halikupanda, barabara ilikuwa tope tupu. Bora hivyo, kwa sababu barua niliyokuwa nimekuandikia ilikuwa ya matusi. Nimeichana. Hii ni ya adabu.

Heshima si utumwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe unamfichia mwenzako maradhi ambayo yakimzidi, atakayekufa ni wewe. Nimekueleza mara moja, sirudii. Nilitaka kukataa kushona. Halafu nikawaza kwamba usipokuwa na koti utalivua tena lile la njano, utashuka na shati la kahawia, na huko hakuna nyekundu. Kwa hiyo nimeshona, na nimeshona kwa hofu yangu yote.

Mara mbili nimelijaribu. Jaribio la kwanza, nililivaa nikakaa uani kwenye kigoda, shemeji yako akanimwagia ndoo sita, na alikuwa anafurahia kuliko inavyostahili mume wa mtu. Nilipolivua, blauzi ilikuwa kavu isipokuwa ukosi. Ukosi nimeurudia.

La pili lilikuwa la kelele. Nilimweka shemeji kwenye kiti karakanani, ameupa mlango mgongo, nikamwambia aseme akinisikia. Nilitembea kutoka mlangoni, nikapita kati ya cherehani mbili, nikainua mikono, nikainama, nikainuka. Mwishowe akasema, "Mke wangu, mbona huanzi?" Nilikuwa nimesimama nyuma ya shingo yake, naona jasho lake. Aliruka kama ameunguzwa. Tulicheka sana, na kila nikikumbuka nacheka.

Nyekundu nimeiweka, na si sahani, ni sinia. Kifuani na mgongoni. Mtu asiyeiona hiyo haoni kitu.

Likikupwaya kosa ni lako, umekataa kupimwa. Niandikie lori litakaposhuka.

Dada yako,
Fundi

*

Ijumaa, 23 Aprili

Dada yangu, fundi wa mafundi,

Shikamoo mara saba. Koti limefika! Nimelivaa tangu Jumanne, mke wangu anasema nitalala nalo. Nilitembea kwenye vichaka vya miiba nyuma ya nyumba, haukushika hata mmoja. Nilisimama kwenye mvua saa nzima. Kuku walipita karibu na miguu yangu wakidhani mimi ni nguzo. Limenipwaya kidogo ubavuni, nimelifunga kwa kamba, si neno.

Jana nilimpelekea baba mkwe alione. Alilipapasa kuanzia begani mpaka chini, akalikunja karibu na sikio lake. Kisha akasema, "Kijani hiki ndicho chenyewe, mkwe. Kijani kitupu. Hakuna mnyama atakayekuona." Na lile sinia lako jekundu liko puani kwake! Nikacheka, nikajua ananitania. Mzee wangu hana mizaha mingi, lakini akiamua anautoa mmoja kavu hivyo.

Na macho yake yamepata nafuu, nakwambia ili ulale. Wiki iliyopita, kabla ya koti lako, nilipanda na lile la njano kwenye ukungu mzito, mkono wangu mwenyewe siuoni. Nilikuwa bado mbali, kama hatua sitini, akaniita kutoka juu: "Pita, mkwe, nimekuona." Hatua sitini kwenye ukungu! Mimi nilikuwa nahangaika bure.

Koti la njano limestaafu. Mke wangu amelikata, limekuwa paa la banda la kuku, na sasa kuku ndio wanaolalamikia kelele.

Kundi la bonde la chini tumelipata. Tunakwenda Jumatatu asubuhi, tarehe 26. Likiisha hilo, tumemaliza.

Kibonge wako, mkavu kabisa

*

Jumamosi, 24 Aprili

Usiende. Usiende. Usiende Jumatatu.

Nimeisoma barua yako nimesimama kituoni, kabla lori halijazima injini. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya kuku. Mara ya pili dereva alinikalisha juu ya mbao.

Nisikilize. Baba mkwe wako hakutania. Haoni ile nyekundu. Alipapasa kwa sababu haoni, akasema kijani kwa sababu koti la kuwindia huwa kijani. Na kwenye ukungu hakukuona. Hakuna binadamu wa kumwona mwenzake hatua sitini kwenye ukungu. Alikusikia. Koti la njano ndilo lililomwambia kwamba ni wewe. Sasa kumbuka siku ya risasi. Siku hiyo ulikuwa umelivua, umeliacha chini ya mti. Siku uliyonyamaza ndiyo siku aliyokupiga.

Mdogo wangu, anapiga kwa sikio. Na mimi nimekushonea koti ambalo mume wangu, ambaye si kiziwi, hakulisikia likiwa nyuma ya shingo yake.

Livue. Ezua banda la kuku, uvae paa. Imba njiani. Nguruwe wakimbie, wale mahindi yote, wale na milango.

Nimemwomba dereva ageuze lori leo. Amekataa, nimemtukana, amevumilia. Nimempata kijana wa pikipiki, ameibeba nakala ya barua hii, anaondoka sasa hivi.

Jumapili, 25 Aprili

Wa pikipiki amerudi. Anasema maji yamefunika daraja, vyuma tu vya pembeni ndivyo vinavyoonekana. Amenirudishia barua ikiwa kavu, aliiweka ndani ya kofia yake ngumu. Nimemshukuru. Nilitaka kwenda mwenyewe, shemeji yako amefunga mlango na kusimama mbele yake. Tumegombana, tukalia, tukakaa.

Nimepiga simu yako mara arobaini, kama mwendawazimu, nikijua iko kabatini inatazamiwa saa.

Labda mvua itawazuia. Labda mtoto ataamka na homa. Mungu anisamehe, nimemwombea mtoto homa.

Jumatatu, 26 Aprili, asubuhi

Ni saa mbili. Sasa hivi unashuka bondeni. Nimekaa kwenye cherehani, sijashona chochote. Kuna mteja amekuja kuchukua sare za watoto, nikampa za mtu mwingine.

Saa tatu na nusu. Sasa utakuwa chini yao. Sasa unaanza kupanda.

Kohoa. Kohoa, Kibonge.

*

Ijumaa, 30 Aprili

Wifi yangu,

Naanza na hili kabla ya salamu: yu hai. Kaa chini, kunywa maji, ndipo uendelee. Mdogo wako yu hai.

Barua yako ya siku tatu ilifika Jumanne jioni, maji yalipopungua. Niliisoma peke yangu jikoni, na kila ulichoandika kilikuwa kimeshatokea.

Jumatatu ile walikwenda kama walivyopanga. Yeye alizunguka, akashuka, akapanda nyuma ya kundi. Nguruwe wakakengeuka njiani, wakapitia kijito, hakuna hata mmoja aliyefika juu. Aliyefika upenyoni ni mume wangu peke yake. Baba alisikia mawe yakigongana, akasikiliza kama kuna kingine, hakusikia, akapiga. Risasi iliingilia chini ya kwapa la kushoto na kutokea nyuma. Imechubua ngozi ya ubavu, kovu litakuwa refu kama kalamu, basi. Lakini alianguka kutoka juu ya jabali, akavunjika mkono wa kulia. Ndiyo maana ninaandika mimi.

Baba anataka nikuandikie maneno yake. Naandika kama anavyotamka.

"Mwanangu fundi. Sijawahi kukuona na sasa sitakuona kamwe. Mwaka huu wote sijaona kitu zaidi ya mwanga na giza. Mkwe wangu anajua macho yangu yamepungua. Hakujua yameisha, maana njia ya upenyoni miguu yangu imeikariri. Nilijiwekea sheria moja kichwani: kinachochakacha ni mkwe, kisichochakacha ni nguruwe. Sikumwambia mtu sheria hiyo, maana kuitaja ni kusema sioni. Alipolileta koti lako nikalikunja karibu na sikio, nikalisikiliza, nikaona kwamba sheria yangu imekwisha. Nilipaswa kusema palepale. Nikaona haya mbele ya mkwe. Nikajiambia, nitamsikia akipumua, nitamsikia akikohoa. Koti lako lilimponya kikohozi.

"Nilipopiga nikasikia, 'Mzee, ni mimi.' Hakulia, hakunilaani. Aliniambia 'mzee', na yuko chini ya jabali na mkono umevunjika. Nilishuka kwa kupapasa, kwa makalio kama mtoto, na sikujua nitashika nini nikifika. Hofu niliyoipata pale sikuwahi kuipata kwa mnyama yeyote. Sikuombi unisamehe leo."

Mwisho wa maneno ya baba. Sasa yangu mimi. Wifi, mimi pia nilijua. Miezi saba sasa kila asubuhi nakiweka kikombe chake mahali pale pale, mpini kulia, ili asikitafute mbele ya mume wangu. Nilidhani nalinda heshima ya baba. Yeye alidhani anailinda yake, mume wangu akadhani anailinda ya mkwe. Tulistahiana mpaka tukakaribia kuuana.

Nakurudishia koti ulizibe. Anasema hataki jingine. Nimeweka na kipande cha lile la njano, nimekibandua kwenye paa la kuku. Sijui kwa nini nimekiweka.

Wifi yako

*

Jumatatu, 3 Mei

Mdogo wangu,

Koti liko mezani. Tundu la kuingilia linapitisha kidole changu cha mwisho, la kutokea vidole viwili. Nilivitia, nikaviacha humo muda mrefu, mpaka shemeji yako akaja akavitoa.

Kisha nikachukua utepe. Mimi ni fundi, nikishindwa kulia napima. Kutoka mshono wa ubavu mpaka kwenye matundu ni sentimita tano. Koti nililikata kwa kifua cha mia na nne, kile cha harusi, na mtu mwenye kifua hicho hana sentimita tano za nafasi pale. Pana nyama yake. Risasi imepita kwenye nguo mahali ulipopaswa kuwepo wewe. Nimerudia kupima mara nne. Umekonda kiasi gani, wewe? Tangu lini huli? Uliniambia unaogopa kidogo tu.

Ungekuwa bado na mwili ule wa harusi koti lingekukaa, ungefunga vifungo bila kamba, na nisingekuwa na mtu wa kumwandikia. Hofu yako imekuokoa mara moja. Usiizoee.

Mimi pia silali vizuri. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, watu wamesema tangu zamani, na mimi nilikifanyia kazi wiki mbili, nikakijaribu mgongoni kwa mume wangu, nikacheka. Siwezi tena kucheka nikikumbuka.

Nimeziba matundu kwa ile plastiki ya njano. Mke wako alijua kwa nini ameiweka, mikono yake ilijua. Nimeikunja mara mbili chini ya kwapa. Ukitulia, koti ni kimya kama mwanzo. Ukiinua mkono, linachakacha. Inua mkono, mdogo wangu. Uwe na mtu mbele yako au usiwe naye.

Nakusubiri uandike mwenyewe, hata kwa mkono wa kushoto. Na safari hii nataka kipimo.

Dada yako,
Fundi

*

Ijumaa, 14 Mei

Shikamoo dada,

Naandika kwa kushoto, utanisamehe, herufi zinaanguka.

Kifua themanini na tisa. Kiuno sabini na mbili. Mke wangu amenipima kwa kamba, kisha tukaipima kamba kwa rula. Mimi si kibonge tena. Niliacha kula vizuri tangu lile jabali la mwezi wa tatu. Naogopa, dada, na si kidogo. Mlango ukijipiga naruka.

Jana tulikwenda ofisi ya wanyamapori, baba mkwe na mimi, kurudisha bunduki. Yeye ndiye aliyetaka. Njia ni ya mawe na mvua ilikuwa inanyesha. Nilimpa mkono wangu mzima aushike, akakataa, akasema mtu haongozwi na mkwe kama mbuzi. Basi nikatangulia. Nilikuwa nimelivaa koti lako. Kila baada ya hatua mbili tatu niliinua mkono wa kushoto, likachakacha, naye akafuata. Kwenye kona ya mwisho bega liliniuma, nikaushusha mkono kidogo, nikamsikia nyuma yangu amesimama.

"Mkwe," akasema, "bado upo?"

Nikaugeuza uso, nikamwambia kwa sauti, "Nipo, baba. Hapo mbele kuna jiwe." Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kuna jiwe.

Mdogo wako